Mama Anajisifu Amepata Saba

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijaharibu zaidi.

Mimi ni karani kwenye utafiti wa magonjwa ya kinywa na meno, kazi ya mkataba, tunazunguka mtaa kwa mtaa na daktari wa meno mmoja, mama mtu mzima asiye na maneno mengi, tunapima watu wa kila rika ili ijulikane watoto wanaumwa nini, watu wazima wanaumwa nini na wazee wanapotezaje meno. Watoto, mshauri, we acha tu, unakuta katoto magego yamebaki vishina vyeusi na mfukoni kana pipi. Watu wazima wanatema damu kila wakipiga mswaki na wanakuambia hiyo ni kawaida. Wazee wengi wanafungua kinywa huku mkono uko mbele kwa aibu. Daktari anaangalia kwa kioo chake cha mpini na tochi ya kichwani, anataja namba kwa sauti, mimi naandika, na tunatumia namba kwa sababu chumba ni hicho hicho kimoja, wengine wamekaa kwenye benchi wanasubiri, na hakuna anayependa kutangaziwa uozo wake mbele ya majirani. Sifuri maana yake kinywa ni kizima, moja ni jino lililotoboka, mbili ni fizi, na namba zinapanda hivyo hivyo kadiri hali inavyokuwa mbaya, mpaka saba. Saba ni kidonda au uvimbe ambao daktari hapendi sura yake. Aliyepata saba haachwi hivi hivi, anaitwa pembeni, anaelezwa, anapelekwa hospitali kubwa akakatwe kinyama kidogo kipimwe kama ni saratani.

Basi tukafika mtaani kwetu. Mama yangu kavaa nguo yake ya kutokea, kawahi benchi kabla hatujamaliza kupanga viti, na kila anayeingia anaambiwa, "Yule mwenye kalamu ni wangu yule." Mama anaweka ugoro shavuni, upande wa kushoto, tangu sijazaliwa, na mimi nimemsema mpaka nimechoka. Daktari akamwambia autoe, asukutue, afungue kinywa. Akaangalia shavu la kushoto, akakuta kidonda. Akalibonyeza kwa kidole, akampapasa shingo chini ya taya, akasema, "Saba."

Nikauliza, "Ngapi?"

"Saba."

Mshauri, nilikuwa nimesikia, nakuapia nilisikia tangu mara ya kwanza, lakini mdomo ukauliza tena wenyewe, "Ngapi?" Ndipo daktari akageuka akanitazama, akamtazama na mama, akaona tulivyofanana, akasema polepole, "Saba." Nikaandika. Alipotaka kumwita pembeni nikamnong'oneza kwamba huyu ni mama yangu mzazi, niachie, nitamwambia mwenyewe nyumbani kwa utaratibu. Akakubali, akanipa barua ya hospitali, akaniambia nisichelewe.

Jioni nafika nyumbani nakuta vicheko mlangoni. Mama kakaa na majirani katikati yao anasimulia, mikono yote miwili hewani. Yupo jirani yetu muuza mkaa, tunamwita Mama Mkaa, yeye kinywa chake ni safi na daktari alimpa sifuri, basi kakaa kwenye kigoda chake amenuna. Mama anamwambia, "Sifuri, mwenzangu? Meno yote hayo umejaziwa mdomoni na umeambulia sifuri? Mimi nimebakiza nusu na nimepata saba! Tena binti yangu hakuamini, ikabidi daktari arudie mara tatu!" Watu wakapiga makofi. Kuna aliyempa mkono wa hongera.

Hapo ndipo ningesema, na sikusema, na sababu nakueleza usije ukadhani ni woga mtupu. Mama hakukaa darasani hata siku moja, walisomeshwa kaka zake, yeye akabaki jikoni, halafu sisi akatusomesha kwa kufua nguo za watu mpaka vidole vikachubuka, na kila tukirudi na matokeo swali lake lilikuwa moja tu, "Umepata ngapi?" kwa sababu mengine kwenye ile karatasi hakuyaelewa. Aliyefeli hakuchapwa, aliambiwa aongeze bidii. Aliyechapwa ni aliyeficha matokeo. Sasa mama huyo, mshauri, hii saba ndiyo maksi ya kwanza kupata maishani mwake, ningemnyang'anyaje mbele ya watu wanaompigia makofi?

Nikasema nitamwambia kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine, wiki zinakatika. Mama sasa anakula mkate wa kuloweka kwenye chai, nyama anaihamishia kwenye sahani ya mjukuu anasema ameshiba, na akitaka kumeza anageukia ukutani. Amevaa skafu shingoni joto lote hili, na mimi najua skafu inafunika nini maana nimeona pale chini ya taya pamevimba. Akiongea karibu unasikia harufu. Nikimwambia mama twende hospitali tukaangaliwe hilo shavu, ananicheka, "Hospitali kufanya nini na mimi nimefaulu? Mpeleke Mama Mkaa." Na Mama Mkaa maskini kanunua mswaki mpya, kila asubuhi yuko bombani anajisugua kama sufuria iliyoungua, anasema safari ijayo na yeye lazima apate namba.

Nimemwambia kaka yangu mkubwa, ambaye ni fundi friji na ndiye anayesikilizwa nyumbani. Kaka anasema nisithubutu, mtu mzima akilisikia neno saratani anakufa kwa neno lenyewe kabla ya ugonjwa, na wakimkata ndiyo wamemmaliza, tumwache mama ale kwa raha zake. Nikamwambia kaka, mama hali. Akasema, basi mnunulie blenda.

Juzi nilikuwa namsuka, kichwa chake kiko mapajani mwangu, akaniuliza bila kugeuka, "Hivi wewe, siku ile daktari aliposema saba, mbona ulishika ukingo wa meza?" Nikasema kiti kilikuwa kibovu, mama. Akasema, "Haya."

Kazini daktari alikuwa ananiuliza kila siku, mama ameenda? Namjibu tunajipanga. Sasa ameacha kuuliza, ananiangalia tu, akitaja namba anaitaja taratibu kuliko zamani. Silali vizuri, sili vizuri, nikimwona mama anacheka nataka kulia. Nimwambie, au nimwache na furaha yake kama kaka anavyotaka? Nikimwambia akaanguka, ukoo wote utasema mimi ndiye niliyemuua. Nisaidie mshauri, sina pengine pa kushika.

Ni mimi, Mwenye Kalamu.

*

Mwenye Kalamu,

Pole, mwanangu. Nakupa pole ya kweli, maana kusikia namba ya mama yako ikisomwa kwa sauti kwenye chumba cha watu ni jambo ambalo simwombei yeyote. Pole imeishia hapo. Sasa kaa chini nikuseme.

Unaniuliza umwache na furaha yake. Furaha ipi hiyo? Isome barua yako mwenyewe. Kuna mama anayemeza akiwa amegeukia ukuta, anayefunika shingo kwa skafu kwenye joto, anayempa mtoto nyama yake na kusema ameshiba. Hayo umeyaandika wewe, kwa mkono wako, halafu mwishoni ukayaita furaha. Huyo ana njaa na ana maumivu, na anajificha nayo kwenye kona ya nyumba yake mwenyewe.

Kaka yako namwelewa, anaogopa kama wewe, tofauti ni kwamba yeye sauti yake ni nzito. Mwulize hivi kutoka kwangu: mteja akimletea friji isiyogandisha, humwambia aiache ipumzike kwa raha zake? Si anaifungua nyuma akaangalie kilichoharibika? Kuzaliwa kwanza kunampa kiti cha mbele kwenye vikao vya ukoo. Hakumpi ruhusa ya kumficha mama yake habari za shavu lake mwenyewe. Na hiyo blenda ainunue, itahitajika, lakini ailete akiwa ameshika na nauli ya hospitali.

Wewe sasa. Daktari alikuwa anamwita mama pembeni. Angemweleza pale pale, na leo tungekuwa tunazungumza mambo mengine. Ukamwomba akuachie kazi yake, akakuachia kwa heshima, ukaichukua ukaikalia. Unamwambia mnajipanga. Kidonda hakijipangi, binti. Kinaendelea, na kila wiki unayoipoteza inapunguza kinachoweza kufanyika. Sikusemi ili ulie, nakusema kwa sababu bado kuna la kufanya.

Tena hata hujui ni nini! Daktari ametia shaka, hajahukumu. Kinyama kikipimwa ndipo itajulikana. Vidonda vya mdomoni viko vya aina nyingi, na vingine vinatibika bila makeke. Lakini sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa: kidonda kisichopona, mtu wa ugoro wa miaka yote hiyo, na uvimbe shingoni, hayo matatu yakikaa pamoja hayanipendezi hata kidogo. Inawezekana mmechelewa. Na kama mmechelewa, bado kuna dawa za kutuliza maumivu, kuna namna za kumsaidia kumeza, na kuna mambo ambayo mama yako atataka kuyasema na kuyapanga akiwa bado ana sauti. Mnamnyima na hayo.

Nije kwenye hilo swali la meza, maana nimelisoma nikalirudia. Mama yako hajui kusoma karatasi, sawa. Uso wako anaujua tangu hujaota jino hata moja. Alikuuliza akiwa amekupa kisogo ili isikuwie vigumu kujibu. Alikufungulia mlango, wewe ukamletea habari za kiti kibovu. Akasema "haya." Ile "haya" ilitakiwa ikushtue kuliko saba yenyewe. Huenda anajua zamani, na hiyo saba anaipigia kelele mtaani ili asibaki kimya na shavu lake. Huenda hajui kabisa, na aliuliza tu. Sijui mimi, na wewe hujui, na huwezi kujua mpaka useme naye.

Kwa hiyo kesho, akishaamka na kabla hajaweka ugoro, kaa naye, ninyi wawili tu. Usianze na neno saratani na usianze na machozi. Mwambie, "Mama, saba si maksi. Saba maana yake daktari ameona kidonda shavuni mwako na anakitilia shaka. Nilikuficha kwa sababu niliogopa." Ukimaliza, funga mdomo. Usijaze kimya chake na maelezo. Akikufokea, pokea. Akilia, kaa hapo hapo. Kisha mpigie daktari mbele yake, simu iwe kwenye spika, amuulize mwenyewe anachotaka. Barua ya hospitali mpe mkononi, ni yake ile, si ya mkoba wako. Akikataa kwenda, mwili ni wake na kukataa ni haki yake, ila akatae kitu anachokijua. Ugoro mwombe auache, na hilo usilisubirishie majibu.

Ukitoka hapo vuka kwa Mama Mkaa. Mwambie sifuri yake ndiyo iliyokuwa ya kujivunia, aache kujichubua fizi bombani. Halafu mwombe awasindikize hospitali. Mama yako amemtania mbele ya mtaa mzima, na huyo ndiye rafiki atakayemhitaji kwenye lile benchi refu la kusubiri. Mkiwa njiani, msifu mama yako kwa vidole vyake vilivyochubuka kwa kufua nguo za watu. Hajawahi kuhitaji daktari ampe maksi, na nadhani hakuna kati yenu aliyewahi kumwambia hivyo.

Unaogopa ukoo utasema umemuua. Ukoo utasema, ndiyo kazi yake. Wewe hofia siku mama atakapojua, kwa maumivu au kwa mdomo wa mgeni, kwamba barua ilikuwa kwenye mkoba wa binti yake wiki zote hizo huku akipigiwa makofi.

Na usiniandikie tena kuniuliza. Daktari ulimuuliza mara mbili ukitumaini namba itageuka, haikugeuka. Ukamuuliza kaka yako, sasa umeniuliza mimi. Ni saba. Wewe mwenyewe umenieleza kwamba kwenu aliyefeli hakuchapwa, aliyechapwa ni aliyeficha matokeo. Matokeo ya mama unayo wewe. Mpe.