Puto juu ya paa la Mama Verediana

Boni upo? Nimeaibika, sijui hata nianzie wapi.

Unakijua kile kidude changu cha USB cha kunasa mawimbi ya redio, kile unachokicheka kila siku? Leo mchana kimenasa puto la watu wa hali ya hewa! Lenyewe linatangaza liko wapi. Naliona kwenye laptop linashuka, linashuka, likatua mtaa wa Katubuka. Nikadaka bodaboda, antena mkononi.

Kumbe limeangukia paa la jiko la watu. Nikapiga hodi, kimya. Nikapanda.

Boni, NIKAPANDA.

Mara chini akatokea mama mmoja na mwiko wa ugali. "Wewe! Unatafuta nini juu ya jiko langu?"

Nikamjibu, "Shikamoo mama, natafuta puto."

Puto! Mwanaume mzima na ndevu zangu! Akaita majirani, "Njooni mwone mwizi wa puto!"

Sasa sikia. Mlangoni akatoka nani? Verediana. Vere wangu! Miezi minane ananizuia kufika kwao, eti mama yake mkali, tusubiri kwanza.

Akashika kichwa. "Mama, huyo ndiye Yona niliyekuambia."

Mama akanitazama. Nimekumbatia kiboksi cha vipimo kinachobebwa na puto, puto lenyewe limepasuka, linaning'inia shingoni.

"Huyu ndiye yule mtulivu?"

Majirani wanacheka hadi wanakaa chini.

Mwishowe mama akashusha mwiko. "Shuka ule, dagaa wanapoa. Na siku ya posa, mwanangu, pita mlangoni."

Amesema posa, Boni. Mimi nilikuwa bado juu ya paa, amesema POSA.