Kahawa ya Marehemu

4 Machi

Kwako Binti,

Salamu nakupa kwa sababu nilifunzwa adabu. Sijambo. Mzima kabisa, tena shika hilo, utaona kwa nini.

Jana nilikwenda kwenye mgahawa wa Kivietnamu unakopika. Nilichagua siku yako ya mapumziko makusudi. Nilitaka kuonja hicho kilichokufanya uache masomo ya uuguzi mwaka wa mwisho. Nikaletewa tambi kwenye mchuzi wa mifupa, ambao mhudumu alisema mpishi wao aliuchemsha juzi, nyama nyembamba kama kitambaa cha bitana, majani mabichi na ndimu. Sikufichi, mchuzi niliunywa mpaka nikainamisha bakuli. Ikaja kahawa, kichujio cha bati juu ya glasi, inadondoka tone tone kwenye maziwa mazito matamu. Nikaifurahia.

Kuinua macho, juu ya rafu, kati ya ubani na machungwa, naona picha yangu. Ile niliyokaa kwenye cherehani, nywele bado nyeusi. Mbele yake kikombe cha kahawa. Mwenye mgahawa hakunitambua. Akanieleza kuwa kwao wafu hupewa kahawa kabla ya mteja wa kwanza, na huyo ni mama wa mpishi wake, alishafariki. Nikampa pole. Yaani nilijipa pole mwenyewe. Mtoto gani anamzika mama yake akiwa hai?

Mama yako, ambaye hajafa


11 Machi

Shikamoo Mama,

Natumaini u mzima. Mimi afya ninayo, usingizi sina.

Nimekosa. Lakini usinifokee kana kwamba nilianza mimi. Nilipoacha uuguzi uliwaita shangazi zangu wote sebuleni, ukasema mbele yao, "Huyu kwangu amekufa." Miaka mitatu hukupokea simu yangu. Mwenye mgahawa aliponiuliza habari za mama, nimjibu nini? Kwamba yupo, ila maiti ni mimi? Nikasema ulifariki. Akaomba picha kwa wema wake, nikashindwa kurudi nyuma.

Hiyo kahawa ya asubuhi, siku zangu za kazi, naichuja mimi, Mama. Nakuamkia, nakueleza nitapika nini. Hapo rafuni angalau unanisikiliza. Ndiyo, nina hasira, na hasira hizo nimezirithi kwako.

Binti yako, kama bado nahesabiwa


2 Aprili

Binti,

Hujambo? Mimi mgongo tu. Nimechelewa kwa sababu nimeandika barua tatu nikazichana, zote zilikuwa matusi. Na usidhani hasira zimeisha. Mwambie mwenye mgahawa ukweli kwa mdomo wako, picha ishuke. Akikufukuza, shauri yako, mimi sikuzaa mwongo.

Jumapili niliwaita shangazi zako, walewale, sebuleni. Mkubwa wao aliingia analia, akidhani kuna msiba. Nikawaambia, "Siku ile nilisema uongo. Mtoto wangu yuko hai, na kwa kupika amenishinda." Kulitoa neno hilo kulinitesa kuliko uchungu wa kukuzaa.

Sasa wananiuliza kile chakula kinaitwaje, nami sikijui jina. Nipigie simu. Nitapokea.

Mama yako