Pale Shangazi Anapokata Sauti

Najma, Doha
7 Februari 2025

Kwa Shangazi Damaris,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Sisi hatujambo, ila Mama anachoshwa na zamu za hospitali.

Kuna jambo sijawahi kumwambia yeyote huku: mimi bado huimba. Mama akiwa kazini, nafunga madirisha na kuimba ule wimbo wa soul, muziki wa Wamarekani weusi, ambao kwaya ya shule inauandaa. Shuleni natikisa midomo tu.

Anayeongoza wimbo huo ni Fiona, mzungu kutoka Uskoti. Niliwahi kumsikilizisha ule ujumbe wa sauti ulionitumia, ukifanya mazoezi ya wimbo wa matanga jikoni kwako. Sasa kila mstari anakata sauti kama wewe, macho kayafumba. Mwalimu Douglas anasema ana uchungu wa kweli. Uchungu gani? Baba yake anafuga farasi huko Umm Salal, nje ya jiji. Nilimwambia rafiki yangu Hadijah kwamba yule ni kasuku. Akanijibu, "Kasuku angalau husikika."

Tafadhali mwandikie mwalimu kwamba ile ni sauti yako, Fiona aiache.

Mpwa wako,
Nyanchama

Keroka
16 Februari 2025

Nyanchama mwanangu,

Nimefurahi kupata habari zenu. Goti limetulia, leo nimepanda ngazi za kanisa bila fimbo.

Simwandikii mwalimu. Huyo msichana hajaniibia uchungu. Pale ninapokata sauti silii, nawaachia wenzangu nafasi ya kuitikia. Jikoni nilikuwa peke yangu, ndiyo maana ulisikia kimya. Mtu akianzisha wimbo asiitikiwe, ameachwa uchi mbele ya watu, awe mzungu awe nani.

Kabla hamjahamia huko, aliyekuwa akisimama nyuma yangu na kuitikia ni nani?

Shangazi yako,
Damaris

Najma, Doha
28 Februari 2025

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Mama yuko likizo wiki hii, anakusalimu sana.

Barua yako haikuniondolea wivu. Nilitaka nafasi ile ya kuongoza, na bado naitaka.

Jana mazoezini Fiona alifumba macho, akakata sauti. Nikaitikia kutoka mstari wa nyuma, kwa sauti yangu yote. Kwaya nzima ikageuka. Fiona akafumbua macho na kusahau mstari uliofuata. Mwalimu Douglas akauliza ni nani huyo. Nikainua mkono.

Akasema turudie. Fiona akaanza upya, akafika pale pale, akakata, akanigeukia na kunitazama.

Nikaitikia.

Mpwa wako,
Nyanchama