Namba Zilizolala Kushoto

Flint, 2 Mei 1999

Mwanangu Corinne,

Hujambo? Mimi mzima, ila goti linanisumbua. Nimekutumia picha za injini ya gari langu la mwaka 1969. Wenye maonyesho ya Agosti hawaniingizi kundi la magari asilia mpaka mjuzi athibitishe kwamba injini ilizaliwa na gari. Mjuzi ni wewe, na kazi hiyo ndiyo inayokulisha huko Toledo. Weka sahihi, usiniletee maringo.

Baba yako

Toledo, 20 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Pole na goti. Ile dawa unaipaka au unaitazama tu?

Baba, nimezirudia picha nikitafuta namna ya kukubali. Gari lilitoka kiwandani Machi. Tarehe iliyo kwenye chuma cha injini ni Oktoba mwaka huohuo. Namba ya gari imegongwa juu yake baadaye, na tarakimu zote zimelala kushoto. Aliyezigonga alishika nyundo kwa mkono wa kushoto. Wa namna hiyo nyumbani kwetu alikuwa mmoja tu.

Sahihi siweki. Inaniuma kumsema mama naye hayupo kujitetea.

Binti yako

Toledo, 25 Juni

Baba,

Shikamoo. Mbona kimya? Hata simu hupokei. Nitukane basi, nijue uko hai.

Binti yako

Flint, 3 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Niko hai. Nilikukasirikia, kisha nikaona aibu.

Nilipokwenda jeshini gari nilimwachia mama yako. Aliliendesha oili imekwisha, injini ikanoki, ikafa kabisa. Wenzake wa kiwandani alikofanya kazi walinisimulia siku ya mazishi yake: walimtafutia nyingine ya aina ileile, wakaifunga, namba akagonga mwenyewe. Yeye hakuniambia kamwe.

Lakini nilijua siku niliyorudi. Nilipowasha tu, mngurumo haukuwa ule niliouacha. Mama yako amesimama mlangoni mwa gereji, mikono kaificha ndani ya aproni. Nikamwambia, "Verna, inanguruma vizuri kuliko nilivyoiacha." Akacheka, akaenda kupika. Tangu hapo kila aliyeniuliza nilimwambia ni injini ya kuzaliwa nayo, ili yeye asikie.

Nilitaka kazi ya mkono wake ikupite hata wewe mjuzi, usiitambue. Nimemkumbuka sana, Corinne.

Andika ukweli. Tutaingia kundi la injini zilizobadilishwa. Na pale wanapouliza jina la fundi, andika Verna Stachowiak.

Baba yako