Pua ya Mke Wangu

Alhamisi. Baridi ya Julai imekaza tangu asubuhi na jua halijaonekana. Nilishinda Loresho nikiweka vigae vya bafu, na vidole bado vimekufa ganzi. Mwili umechoka, lakini kichwa kimekataa kupumzika.

Kwa wasionijua: mimi ni fundi wa vigae, mtu wa Machakos, naishi Riruta, hapa Nairobi, na mke wangu Mwende. Sijaonja pombe kwa miaka minne.

Kwa miaka hiyo yote, kila nikirudi kutoka kazini Mwende hunipokea mlangoni, hukaribia uso wangu kana kwamba anataka kuninong'oneza, kisha hunusa. Hatukuwahi kukubaliana hivyo. Alianza siku niliyoacha, nami sikuona haya kunuswa. Nilikuwa nimemdanganya sana.

Leo hakunusa. Alifungua mlango, akachukua mkate mkononi mwangu, akarudi kwenye jiko.

Nikawaza: leo ningekunywa na asingejua.

Niliogopa. Nikasema nimesahau maziwa, nikatoka. Nililipita duka la maziwa mara mbili. Mara ya tatu nilijikuta mbele ya dirisha la nondo la duka la pombe, chupa ndogo zimepangwa pale pale ninapozikumbuka.

Kwenye kikundi chetu cha Jumamosi, cha sisi tulioacha pombe, tulifundishwa kwamba hamu ikija, usipigane nayo kwanza, iulize inataka nini. Nikaiuliza. Ajabu ni kwamba haikutaja utamu wala baridi. Haikutaja hata huzuni. Nilipomzika mama mwaka juzi hamu haikunijia hata kidogo. Leo, siku ambayo hakuna lililoniharibikia, imekuja kwa sababu mtu mmoja hakuninusa.

Je, nimekuwa nikiacha pombe, au nimekuwa nikiogopa pua?

Nilinunua maziwa, nikarudi, nikamweleza Mwende yote, hata lile dirisha. Nilitarajia alie au anifokee. Alizima jiko, akaketi.

"Hii pua haisikii kitu tangu ile homa ya mwaka jana, Baba Ndunge," akasema. "Nilikuwa nakuja karibu tu."

Zaidi ya mwaka mzima! Na mimi kila jioni nikimtania kwamba siku hizi anaunguza maharagwe kwa sababu ya simu.

Nikamuuliza mbona hakuniambia.

"Niliogopa ukijua utarudia. Leo nimechoka kujifanya."

Nimeumia kusikia hivyo, sitaficha. Nilidhani mimi ndiye niliyekuwa nikibeba mzigo huu, kumbe naye alikuwa akisimama pale mlangoni kila jioni bila kujua kama nimekunywa au sijanywa, akiniangalia macho na kukisia. Alikuwa akilala na hofu hiyo. Nami nikilala fofofo, nikijua nimepita mtihani ambao haukuwepo.

Lakini udadisi nao umeniwasha. Kama pua haikuwa ikifanya kazi, ni nani aliyenizuia siku zote hizo? Ningependa kusema ni mimi. Nikikumbuka nilivyosimama pale dirishani leo, sina uhakika. Huenda ni mazoea tu, kama mkono unavyolenga kigae bila kupima. Huenda ni yeye kuja karibu, basi, awe ananusa au hanusi. Nitawauliza wenzangu Jumamosi, ingawa nashuku wengi wao nao wana pua yao mahali fulani.

Kabla hatujala Mwende aliniuliza, sauti ikiwa chini, "Sasa umejua. Kesho utarudi nyumbani vipi, umekunywa au hujanywa?"

Zamani ningeapa. Niliapa mbele ya mchungaji, mbele ya mama, nikaapa hata nikiwa nimelewa, na kila mara nilirudi kunywa.

Nikamwambia sijui.

Akasema leo ameniamini.