Mandolini Mpya na Mikono ya Shati Lako

Bauma, muzee mwenzangu,

Nimenunua mandolini mpya. Najua ungekataa. Miaka yote niliyopiga pembeni yako kwenye korali, kila nilipotaja kununua nyingine ulisema, "Ya nini, Muzee? Hii inakufaa. Usitupe franga." Nami nikakusikiliza, kwa sababu ni wewe uliyenifundisha kuishika, mimi fundi cherehani wa Birere, nywele zikiwa nyeupe tayari. Lakini tangu tukuzike, upande wako wa benchi uko wazi, na ile yangu ya zamani ilikuwa inanong'ona tu. Nikaona nitafute yenye sauti.

Ina sauti, Bauma. Yesu wangu, ina sauti! Jumapili nilipogusa nyuzi za wimbo wa kuingia, korali nzima iligeuka. Mama mmoja alinyamaza katikati ya neno. Nikadhani wamefurahi, nikaongeza nguvu.

Baada ya misa Mama Furaha, kiongozi wetu, alinivuta kando. Alikuwa anatafuta maneno, na unajua yeye maneno hayamkosi. "Papa," akasema, "tangu zamani uko unapiga mubaya. Tulitaka kukutoa mu korali. Bauma akatuomba: 'Munipe juma moja tu.' Siku ya Mungu yenye ilifuata, hatukukusikia tena. Tukashukuru."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, pikipiki zinanipigia honi, sioni hata ninapokanyaga. Nikachukua mandolini ya zamani, nikalegeza nyuzi, nikaingiza vidole kwenye tundu. Kulikuwa na kitu. Nilikivuta kwa ncha ya mkasi. Kikatoka kitambaa, kikafuata kingine. Kitenge cha sare yetu ya korali. Mikono miwili mirefu ya shati, vifungo bado viko, na mshono ni wangu.

Nilikaa sakafuni.

Kumbe! Unakumbuka nilivyokununia? Shati nililokushonea siku mbili, ukaja nalo kanisani umelikata mikono. Ukasema pasi iliunguza. Nikakwambia hujui thamani ya kazi ya mtu, na sikukusalimia mpaka Pasaka. Wewe ukavumilia. Asubuhi za baridi ulitoka Mugunga mikono wazi, umejikunyata, ukakaa karibu nami na kupiga mandolini yako kwa nguvu, ili nidhani ule mlio ni wetu sote wawili.

Nimekasirika, Bauma. Ungeniambia! Ningenuna mwezi mmoja, halafu ningejifunza. Miaka yote hiyo nilijisifu mbele ya wateja wangu! Lakini hasira ikipanda, nakuona ndani ya jeneza na shati lile lile, nami nimesimama pale nalalamika kwamba linatia aibu kazi yangu. Nisamehe, rafiki yangu. Nisamehe.

Mandolini hii mpya sitaiziba kwa kitambaa. Nimemwomba Mama Furaha aniache nijifunze nyumbani kwanza, wimbo mmoja mmoja. Na jana nilikata mikono ya shati langu la korali. Siku nitakayopiga ule wimbo wa kuingia bila kosa, nitashona ile ya shati lako mahali pake, nije nikupigie kaburini kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mpaka siku hiyo, baridi ya asubuhi ni zamu yangu. Pumzika, Bauma.