Bibi, Mama Sasa Anavaa Mashine

Ni mwaka mmoja sasa tangu utuache, Bibi, na nina habari nyingi mpaka sijui nianze na ipi. Usinikatize!

Cherehani yako inafanya kazi, Mama ndiye anayeikalia. Wateja bado wanakuulizia, hasa yule mwalimu uliyemshonea gauni kwa kumtazama tu, bila kushika futi. "Macho yangu ndiyo futi," ulikuwa unasema.

Ndiyo maana tulicheka sana uliposhona shati lenye mikono miwili ya kushoto. Tukasema uzee. Ukawa unasahau mkasi, ukawa unasinzia mguu ukiwa bado kwenye pedeli. Tukasema uzee tena. Na kukoroma kwako! Mimi ndiye niliyekuita Trekta. Trekta likizimika katikati tulikuwa tunahesabu, moja, mbili, tatu, mpaka lingurume tena, tukapiga makofi. Bibi, kumbe tulikuwa tunahesabu huku pumzi yako imekatika.

Daktari alitueleza: koo linaziba ukiwa usingizini, hewa inapungua, ubongo haupumziki, kumbukumbu inachakaa. Akakupa mashine ya kusukuma hewa, na barakoa yake. Ukaivaa siku tatu. Ya nne, umejilaza mchana, nikakupiga picha nikaitupa kwenye grupu la familia: "Rubani wetu yuko angani!" Wajomba walicheka wiki nzima. Na wewe ulicheka. "Mke mwenza, leo umeniweza," ukaniambia.

Hukuivaa tena. Nilijua, nikanyamaza.

Baada ya mazishi tuliikuta kabatini, ndani ya mfuko wa kitambaa cha maua ulioushona mwenyewe, wenye kamba ya kufungia. Hukuitupa. Ulikuwa unaificha tusiione.

Daktari hasemi kwamba ingezuia kile kiharusi kilichokuchukua. Anasema ingekusaidia. Neno hilo moja sijui niliweke wapi.

Sasa habari yenyewe: Mama naye anakoroma! Nilimburuta kupimwa, njia nzima ananisema: "Mimi mzee? Mzee ni nani?" Akakutwa na tatizo lilelile. Huu ni mwezi wa saba tangu aanze kuvaa mashine, na hasinzii tena, wala haachi pasi ikiunguza nguo. Juzi mjomba mkubwa akaanza, "Rubani wetu..." Mama hakumwacha amalize. "Ndiyo, na wewe ni abiria. Funga mkanda, kesho unapimwa." Na kweli alipimwa, Bibi! Ningetoa chochote uuone uso wake.

Mashine ya Mama inakaa kwenye mfuko wako wa maua. Asubuhi ni mimi ninayeifunga ile kamba, na kila nikiifunga nakuomba radhi. Leo naomba mbele za watu: nisamehe, mke mwenza.

Tunaokukumbuka ni binti yako, wanao wawili wa kiume, wajukuu zako wote, wateja wako, na mimi niliyepiga ile picha.

Daima tutakukumbuka, Bibi, na hatutahesabu tena huku tunacheka.